Kamera Yako Imebakiza Maisha Gani? Namna ya Kuipima Kabla ya Kununua Nyingine

Kamera ya kidijitali haizeeki kwa kalenda. Nikon D700 ya mwaka 2008 iliyotunzwa pakavu inatoa leo picha zilezile ilizotoa ilipotolewa kwenye boksi, ilhali kamera ya mwaka juzi inayoshinda harusini kila wikiendi huenda imeshachoka. Kinachochoka ni vipande: shata, betri, mpira, vifungo, tepe za umeme ndani ya lenzi. Kila kipande kina dalili zake na gharama yake. Kwa hiyo usiende dukani kabla hujajua ni kipande gani kinachokufa. Mara nyingi ni betri tu.

Hesabu ya shata

Shata ni mapazia membamba yanayokaa mbele ya kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha) na kufunguka kila unapopiga picha. Kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani), kioo nacho hupanda na kushuka kwa kila pigo. Hiki ndicho kipande kinachosogea kuliko vyote, na watengenezaji wengi hutangaza idadi ya mipigo waliyoijaribia. Nikon D3500 ni 100,000, D750 ni 150,000, D850 ni 200,000. Kwa upande wa Canon, 6D ni 100,000, 90D ni 120,000, 5D Mark IV ni 150,000, 7D Mark II ni 200,000, na 1D X Mark III ni 500,000. Sony A7 III ni 200,000.

Usizisome namba hizo kama tarehe ya mwisho ya dawa. Ipo shata inayovunjika kwenye mipigo 20,000, na zipo zinazovuka mara mbili ya kiwango zikiwa bado zinadunda. Ila ukishakivuka kiwango, kila kazi unayoichukua unaifanya kwa bahati yako.

Piga hesabu ya matumizi yako. Mpiga picha wa harusi anayepiga picha 1,500 kwa shughuli moja, shughuli mbili kwa wiki, wiki 50, anamaliza mipigo 150,000 kwa mwaka mmoja. Huyo ameila D750 nzima kati ya Januari na Desemba. Studio ya paspoti yenye wateja 40 kwa siku, picha tatu kila mteja, siku 300 kwa mwaka, inafika 36,000, yaani D3500 itafika kiwango chake kabla ya kutimiza miaka mitatu. Mzazi anayepiga picha 3,000 kwa mwaka hahitaji kuiwaza shata kabisa. Kamera yake itauawa na unyevu au kuanguka. Wanaopenda video za kuharakisha muda nao wajihadhari: kila fremu ni picha moja, hivyo sekunde 10 za video kwa fremu 25 kwa sekunde zinakula mipigo 250.

Namba ya faili haikwambii kitu. Ikifika 9999 hurudi 0001, na mtu anaweza kuianzisha upya kwenye menyu wakati wowote. Hesabu ya kweli imefichwa kwenye EXIF, yaani taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili la picha (Nikon, Pentax na Sony nyingi) au ndani ya kamera yenyewe (Canon nyingi).

Kwa Nikon, Pentax na Sony, pakua programu ya bure ya ExifTool kwenye kompyuta, chukua JPG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, kisha andika: exiftool -ShutterCount DSC_0001.JPG. Nikon za Z (zisizo na kioo) zina mstari mwingine unaoitwa MechanicalShutterCount. Huo ndio wa kuutazama, kwa sababu mipigo ya shata ya kielektroniki haichoshi mapazia. Ukinunua kwa mtu aliye mbali, mwambie akutumie picha kwa WhatsApp kama dokyumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, EXIF yote hufutwa na utaona patupu. Canon nyingi za EOS husomwa kwa kuunganisha waya wa USB na kutumia gphoto2 kwenye Linux au Mac: gphoto2 --get-config /main/status/shuttercounter.

Hesabu ikiwa ndogo mno huku mpira wa mshikio umelainika kama sabuni na herufi za vifungo zimefutika, uliza kama shata ilibadilishwa, na udai risiti ya fundi.

Kuipima shata kwa macho

Hesabu inakupa umri tu. Afya utaijua kwa jaribio hili:

1. Fanya mchana, kivulini nje, mbele ya ukuta wa rangi moja. Usifanye chini ya taa za LED au tyubu: taa hizo huwakawaka na kuleta mistari inayofanana na ugonjwa wa shata.
2. Weka kamera kwenye M (kila kitu kwa mkono) na uzime ISO ya kujiendesha; ISO ni wepesi wa kihisi kwa mwanga. Kama ni kamera isiyo na kioo, chagua shata ya mekanika.
3. Fungua tundu la lenzi (mlango wa mwanga, unaoandikwa kwa f/: namba ndogo ndiyo wazi zaidi) hadi mwisho na uliache hapo. Ukilibadilisha, kasoro ya lenzi itajificha ndani ya jaribio na utamlaumu asiyehusika.
4. Piga picha kumi kwa kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde na ISO 100, kumi kwa 1/500 na ISO 400, kumi kwa 1/2000 na ISO 1600, kumi kwa 1/4000 na ISO 3200. Mwanga unapaswa kulingana kote.
5. Malizia na mfululizo wa haraka wa picha 20 kwa 1/4000.

Zifungue kwenye kompyuta, si kwenye skrini ndogo ya kamera. Tafuta mkanda mweusi au wa kijivu kwenye ukingo mrefu wa picha, juu au chini, kwani mapazia hukimbia kwa wima. Tafuta pia picha moja moja iliyo nyeusi kuliko wenzake. Shata iliyochoka huanza kukosea kwenye kasi kubwa, tena kwa vipindi: picha tisa safi, ya kumi ina utepe. Ukiona hivyo, kamera hiyo haifai tena kazi ya kulipwa, hata kama 1/125 inatoka safi.

Kuna mkanda mweusi usio ugonjwa. Ukitumia flashi kwa kasi inayozidi 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, pazia la pili huwa limeshaanza kufunga flashi inapowaka, na sehemu ya picha inabaki giza. Punguza kasi, basi. Watu wamepeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu hii.

Canon ikiandika Err 30, shata ndiyo mtuhumiwa. Err 20 ni mekanika, mara nyingi kioo au shata. Err 01 ni mawasiliano kati ya lenzi na kamera, na hapa wengi hutupa kamera nzima bure. Safisha kwanza vitufe vya dhahabu vya lenzi na vya kamera, pale vinapogusana, kwa kitambaa kikavu kisichotoa manyoya. Halafu piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha piga kwa f/11. Ikiwa wazi inapiga bila tatizo na kwa f/11 inagoma, tepe ya umeme ya tundu imekatika ndani ya lenzi. Kamera ni nzima. Mgonjwa ni lenzi. Hakikisha kwa kufunga lenzi nyingine.

Kabla ya kumlipa fundi, angalia pia kama mtengenezaji mwenyewe ameshakiri kasoro ya toleo lako. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilikuwa ikichafua kihisi kwa madoa yaliyokuwa yakirudi kila baada ya kusafishwa, na Februari 2014 Nikon ilitangaza kukagua na kubadilisha shata yake bure, hata kwa kamera zilizomaliza waranti.

Unyevu ndio muuaji wa Pwani

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, sehemu hii ina uzito kuliko shata. Kuvu huanza kuota ndani ya lenzi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu, na huku kwetu hewa hushinda juu ya hapo karibu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Kuvu ikiachwa hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo cha lenzi. Ikiwahiwa husafishika, ikishachora kioo, alama hubaki.

Kagua hivi: toa lenzi, fungua tundu lake, mulika tochi kutokea nyuma huku ukitazama kwa mshazari kutokea mbele. Vumbi huonekana kama nukta. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au matawi madogo yanayotambaa kutoka ukingoni. Fanya hivyo kila mwezi, na usimkubalie muuzaji anayekuonyesha lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera.

Kabati la umeme la kutunzia kamera ni zuri, lakini si lazima. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, weka ndani gramu 200 hivi za silika jeli ya kubadilika rangi na kipima unyevu kidogo cha betri. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishuke chini ya 30, mpira na grisi za lenzi hukauka. Silika ikigeuka rangi, ikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha irudishe. Mkoba wa ngozi au ule mfuko wa sponji uliokuja na kamera ni mahali pabaya pa kuihifadhi, kwa sababu sponji hunywa unyevu na kuutunza.

Kiyoyozi nacho kina hila yake. Kamera iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 20, ukiitoa nje ghafla kwenye joto la Pwani, hutoka jasho papo hapo, nje na ndani. Ifunge kwenye begi au mfuko wa plastiki ikiwa bado chumbani, toka nayo, subiri nusu saa ndipo ufungue.

Ukitaka kujua joto na unyevu vinaweza kufika wapi, kumbuka Oktoba 2005, pale Canon, Nikon, Sony, Fujifilm, Konica Minolta na wengine walipotangaza kwa kufuatana kwamba kamera zao ndogo zenye vihisi vya CCD (aina ya zamani ya kihisi) vilivyotengenezwa na Sony zilikuwa zikifa. Viungio vya nyaya ndani ya kihisi vilikuwa vinaachia, hasa kwenye joto na unyevu. Picha ilitoka imepinda na yenye rangi za ajabu, au haikutoka kabisa. Ukikutana na kamera ndogo ya miaka ya 2002 hadi 2004 ikiuzwa kwa sababu ya fasheni ya siku hizi ya picha za zamani, iwashe na upige picha kabla hujatoa hata senti.

Baada ya kazi ya ufukweni, futa mwili wa kamera siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi ya bomba na kukamuliwa sana, kisha ukaushe. Kamera ndogo yenye lenzi inayochomoza, ikiingia mchanga kwenye meno ya mota, itaandika kosa la lenzi na kugoma. Kwa nyingi gharama ya kuifungua hailipi. Kamera iliyozama baharini, toa betri na kadi mara moja, usiiwashe kuona kama inafanya kazi, na achana na habari za mchele. Chumvi inaendelea kula bodi za umeme hata maji yakikauka. Ihesabu kama imekufa, na fundi akiifufua usiitegemee.

Betri

Betri ya lithiamu hudumu takriban mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla haijapungua sana, na hata isipotumika inazeeka. Canon nyingi kwenye taarifa za betri huonyesha vibox vitatu: vitatu vya kijani ni nzima, kimoja chekundu nunua nyingine. Nikon nyingi za daraja la kati na la juu huonyesha umri kutoka 0 hadi 4, na 4 ndiyo mwisho. Kamera inayozima ghafla betri ikionyesha nusu, au inayogoma pale tu lenzi inapotafuta fokasi, ipime kwanza kwa betri nyingine unayoiamini kabla ya kuiita mbovu.

Betri iliyovimba na kukwama ndani usiichaji tena. Kwenye betri za kuiga, namba ya mAh (ujazo wa chaji) iliyoandikwa ubavuni ichukulie kwa shaka: LP-E6N ya Canon yenyewe ni 1865, EN-EL15 ya Nikon ni 1900, kwa hiyo ile ya umbo hilohilo, ya teknolojia ya zama hizohizo, iliyoandikwa 3000 inakudanganya. Ukiiweka kamera muda mrefu, toa betri ikiwa na chaji nusu hivi.

Kamera inayosahau tarehe kila unapobadilisha betri kuu ina betri ndogo ya saa iliyoisha. Nyingine hutumia betri bapa kama sarafu, ya kubadilishwa (5D Mark II hutumia CR1616), nyingine hujichaji kutoka kwenye betri kuu, ukiiacha ndani siku mbili hivi. Si sababu ya kuuza kamera.

Kihisi

Kihisi chenyewe hakichakai kwa kupiga picha. Hushika vumbi, hupata pikseli zilizoungua, na mara chache huuawa.

Kwa vumbi, weka f/16 au f/22, ISO 100, lenzi isifokasi, upige anga jeupe. Madoa yataonekana meusi. Picha hutua kwenye kihisi kichwa chini, hivyo doa lililo juu kulia kwenye picha lipo chini kwenye kihisi. Puliza kwa pampu ya mpira huku mdomo wa kamera ukitazama chini. Usitumie mdomo wako, wala kopo la hewa lenye kemikali. Doa lisilotoka kwa kupulizwa linataka kijiti maalumu na kioevu chake, cha upana unaolingana na kihisi, mpito mmoja kila upande kisha unakitupa.

Nukta nyekundu au za buluu zisizohama kwenye picha za usiku ni pikseli zilizoungua. Kamera nyingi huzificha zenyewe au zina menyu ya kuzipanga upya. Kwenye Canon nyingi, anzisha usafishaji wa kihisi kwa mkono ukiwa umefunika mdomo wa kamera, subiri sekunde 30 hadi 60, uzime; mara nyingi nukta huondoka.

Kinachoua kihisi kweli ni leza. Taa za leza za ukumbi wa harusi au disko zikipiga moja kwa moja ndani ya lenzi huacha mstari wa rangi unaokatiza picha zote kuanzia hapo. Kwenye kamera zisizo na kioo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kihisi kinatazama muda wote kamera ikiwa imewashwa. Mwambie DJ azizime au azielekeze darini, na umwambie kabla shughuli haijaanza. Kihisi kipya gharama yake hukaribia ya kamera, na hapo hesabu imeisha.

Kutengeneza au kubadilisha

Chukua makadirio ya fundi, uyalinganishe na bei ya kamera ya toleo hilohilo, iliyotumika, yenye mipigo michache. Makadirio yakizidi nusu ya bei hiyo, usitengeneze. Yakiwa chini ya nusu, na kamera inakutosheleza kazi, tengeneza bila wasiwasi. Vipuri navyo vina mwisho: mtengenezaji huacha kuvizalisha miaka kadhaa baada ya toleo kufungwa, na hapo fundi anategemea kamera zilizokufa.

Anayelipwa kwa shughuli zisizorudiwa asingoje kamera ife. Ikifika kiwango chake cha mipigo, ishushe iwe ya akiba na uweke nyingine mbele. Ukienda harusini na kamera moja tu, hata ikiwa mpya, umejiweka pabaya kuliko mwenye mbili kuukuu.

Megapikseli si sababu. Chapa ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, yaani megapikseli 8.7, A3 inahitaji 17.4. Kamera ya megapikseli 24 ya miaka kumi iliyopita inazitoa zote. Picha zikiwa na ukungu au chengachenga ndani ya ukumbi hafifu, lenzi ya 50mm f/1.8 itakusaidia kuliko kamera mpya yenye lenzi ya boksi (ile inayouzwa pamoja nayo), kwa pesa kidogo zaidi.

Sababu za kweli ni hizi: unahitaji fokasi inayofuata macho ya mtu anayetembea, unahitaji video ya 4K na kamera yako haina, unahitaji nafasi mbili za kadi ili kila picha iandikwe mara mbili, au unahitaji kupiga kimyakimya msikitini au kanisani. Nyingine ni ya kadi: kamera za kale zinazopokea SD za kawaida tu zinaishia GB 2, zile za SDHC GB 32, na kadi za GB 2 zinaadimika.

Ukihama kutoka DSLR kwenda zisizo na kioo, hesabu lenzi zako kwanza. Lenzi za EF na EF-S za Canon hufanya kazi vizuri kwenye mwili wa EOS R kwa adapta, EF-S ikitumia sehemu ya kati tu ya kihisi kikubwa. Kwa Nikon, adapta ya FTZ (ya kufunga lenzi za DSLR kwenye Nikon za Z) hubeba fokasi ya lenzi za AF-S na AF-P, lakini haina mota, hivyo zile za AF-D, zinazotegemea mota ya kamera, utazungusha kwa mkono. Mwenye begi lililojaa AF-D huenda akafaidika zaidi na D750 nyingine yenye mipigo michache.

Ya zamani iuze ikiwa bado haijafika kama asilimia 60 ya kiwango chake; hapo wanunuzi wapo. Kabla ya kuikabidhi, futa jina lako kwenye taarifa za hakimiliki, futa nywila za Wi-Fi, rudisha mipangilio ya kiwandani, na kadi ya picha usimpe mnunuzi. Kuifomati hakufuti picha kweli, anayejua atazirudisha.